Alipopoteza kazi aliomba kupunguza feza ya watoto: jamaa moja ya Shabunda ilikaa chini

Shabunda-centre. Ilikuwa siku ya Mungu, mwezi wa nane mwaka 2025, saa nane za mchana, watu wakitoka kanisani. Barazani kwa muzee mmoja wa ukoo walikaa watu saba. Baba wa watoto watatu alikuwa kwenye kiti cha mbao, kofia mkononi. Mama wa watoto hao alikaa upande wa pili pamoja na kaka yake. Katikati kulikuwa na meza ndogo, na juu yake karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mapatano ya mwaka 2021, yaliyosema baba atatoa dola 60 kila mwezi kwa watoto. Ya pili ilikuwa barua ya kuachishwa kazi.

Baba ndiye aliyeomba kikao. Alitaka dola 60 zishuke zikuwe 15.

Mjomba wa watoto alikuwa wa kwanza kujibu. «Shemeji, tumbo la mtoto nalo linapunguzwa kwa barua?»

Hakuna aliyecheka. Swali lile lingali linaulizwa katika nyumba nyingi za Shabunda, Bukavu, Mwenga na popote wahami walipofikia. Kazi zimekwisha, watoto wangali wanakula. Wazazi wengi waliachana zamani, mmoja analea, mwingine anatuma. Yule anayetuma akikosa, nini kinafuata?

Jina la baba huyu na la mama huyu havitatajwa hapa, juu ya heshima ya watoto. Lakini majirani wengi watajiona ndani ya habari yao.

Kazi iliyokatika mara mbili

Baba huyu alizaliwa Shabunda akaenda kutafuta maisha Bukavu. Kwa miaka sita alikuwa dereva wa shirika moja la misaada, akibeba madawa na mbegu hadi vijijini. Alipoachana na bibi yake, mama alirudi kwao Shabunda na watoto, kijana mmoja na wasichana wawili. Wazee wa pande zote walikubaliana juu ya dola 60. Kwa mshahara wa dereva haikuwa mzigo usiobebeka. Kila mwisho wa mwezi feza iliingia kwenye simu ya mama, na mama aliigawa: karo ya kijana wa sekondari, chumvi, sabuni, madaftari, dawa ya malaria, kidogo cha akiba.

Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, rais wa Marekani alitia sahihi agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mashirika mengi ya Kivu ya Kusini yalikuwa yanaishi kwa feza hiyo. Gari la baba huyu liliegeshwa ndani ya lupango, yeye akaambiwa angoje nyumbani. Kabla ya majuma manne kupita, vita vikafika. Tarehe 14 mwezi wa pili uwanja wa ndege wa Kavumu uliingia mikononi mwa M23, na tarehe 16 waasi walikuwa katikati ya Bukavu. Benki zilifunga. Serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Siku 90 zilipokwisha, shirika lilimpa barua: kazi haipo tena.

Kwa Shabunda, kufungwa kwa Kavumu ni jambo ambalo mtu wa mji mwingine hawezi kulielewa upesi. Barabara ya Burhale hadi Shabunda ni matope, na magari yameishindwa kwa miaka mingi. Chumvi, sabuni, madaftari, vitenge, vyote vilizoea kuja kwa ndege ndogo kutoka Kavumu. Ndege zilipokosa, bei zilipanda mwezi uleule ambao feza ya baba ilikoma. Mama alipigwa pande zote mbili.

Na Shabunda inajua kwamba kazi inaweza kukatika siku moja. Wazee wanakumbuka mwezi wa tisa 2010, wakati Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Katazo lile liliondolewa tarehe 10 mwezi wa tatu 2011. Kwa miezi sita wachimbaji wa kasiterite na koltani walikaa bila mapato. Mwezi wa saba 2024, gavana Jean-Jacques Purusi naye alitoa agizo la kusimamisha uchimbaji katika jimbo lote. Kila mara karatasi moja inatiwa sahihi mbali, na huku nyumbani baba anarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo kupoteza kazi si haya. Shida ya jamaa hii ilianzia mahali pengine.

Miezi minne ya kimya

Mwezi wa tatu feza haikuingia. Mama alifikiri ni juu ya benki na vita, akangoja. Mwezi wa ine haikuingia. Alipiga simu, ikaita bila kujibiwa. Alituma ujumbe: «Baba watoto, uko mzima?» Jibu lilikuja usiku: «Niko. Ngojeni kidogo, nitatuma.»

Neno hilo «nitatuma» ndilo lililoharibu mambo.

Kwa sababu ya neno hilo, mama alimwambia mkubwa wa shule ya kijana wake kwamba baba atalipa kabla ya mtihani. Shule za msingi za serikali zimekuwa bila karo tangu mwezi wa tisa 2019, kwa hiyo wasichana wawili waliendelea. Lakini sekondari inalipwa. Kijana, mwenye miaka 15, alirudishwa nyumbani mara mbili. Mama aliuza mashini yake ya kushonea, ndiyo iliyokuwa ikimpa feza ya kila siku, akalipa karo. Alihesabu hivi: dola za mwezi wa tano zikifika, atanunua nyingine.

Mwezi wa tano ulipita. Wa sita nao. Nyumbani mwake akafika dada yake mdogo na watoto wane, wakimbizi wa vita. Sahani za sombe zikaongezeka, feza hapana.

Mwezi wa saba masomo yalipofungwa, kijana aliondoka nyumbani bila kuaga. Alifuata wenzake kwenye mto Ulindi, mahali ambapo mashua zenye mashini zinanyonya mchanga wa zahabu, zile wakaaji wanaita draga. Alikaa siku mbili akichota mchanga na kupika kwa ajili ya wapiga mbizi. Mjomba wake alimfuata akamrudisha. Alipoulizwa, kijana alijibu, «Baba ametuacha. Mtu mukubwa wa nyumba ni mimi.»

Sheria ya Kongo inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi ya madini. Lakini pale mtoni hakuna aliyemuuliza miaka yake.

Baba hakuwa anakula raha huko Bukavu. Ndilo jambo ambalo mama hakulijua. Alikuwa ameuza televizyo na kitanda, akahama nyumba kwa kukosa pango, akalala kwa rafiki. Mwishoni aliamua kurudi kwao. Alisafiri siku tisa, kwa pikipiki kipande, kwa miguu kipande, akilipa vizuizi njiani. Alipofika Shabunda hakwenda kuona watoto. Aliingia moja kwa moja katika kundi la wachimba zahabu, kusudi apate kwanza kitu cha kuwapelekea. Juma la kwanza hawakupata kitu. La pili, alipata sehemu yake: kama dola 9. Aliona haya kupeleka dola 9 mahali walipozoea 60.

Alikuwa Shabunda majuma matatu kabla watoto hawajajua. Walijulishwa na mtu wa soko.

Swali la mama

Pale barazani mama alimwacha kaka yake aseme yote aliyotaka kusema. Kisha akageuka.

«Baba watoto, sikatai. Barua nimeiona. Kazi imekwisha, vita tumeviona sote. Swali langu ni moja. Kwa nini hukuniambia katika mwezi wa tatu?»

Baba alinyamaza sana. «Niliona haya,» akasema. «Nilifikiri kazi itarudi. Nilifikiri nikisema sina, utasema nimewatupa.»

«Ukiniambia huna, ningejua sina. Singeuza mashini. Ningemwendea mkubwa wa shule nikamwomba tulipe kidogo kidogo. Ningelima shamba mapema. Wewe uliniambia ngoja, nami nikangoja. Na mtoto akaenda mtoni akisema baba yake amekufa akiwa mzima.»

Muzee wa ukoo wa baba aliinamisha kichwa. Kwa Warega mtoto ni wa ukoo, na aibu ya baba inafika kwa wazee wake. Alimwambia mwanawe, «Ungekuja kwangu siku ya kwanza. Sina dola, lakini mhogo niko nao.»

Sheria inasema nini

Kwenye kikao alikuwapo pia mtu mmoja anayejua sheria, ambaye jamaa ilimwalika asaidie. Maelezo yake yanafaa kusikiwa na kila mzazi.

Kongo ina Kanuni ya Familia, yaani sheria ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Ina pia sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009. Kwa sheria hizo kila mtoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, azaliwe ndani ya ndoa au nje. Kulisha, kuvika na kusomesha ni wajibu wa wazazi wote wawili, hata wakiachana. Kumwacha mtoto bila matunzo kwa makusudi ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mbele ya tribinali.

Lakini sheria hiyo haiweki bei moja kwa kila baba. Msaada wa malezi unapimwa kwa mizani yenye sahani mbili. Katika sahani moja kuna mahitaji ya mtoto. Katika nyingine kuna uwezo wa yule anayetoa. Moja ikigeuka, kiasi kinaweza kugeuka. Mtoto akiugua au akipanda darasa, mama anaweza kuomba kiongezwe. Baba akipoteza kazi bila kosa lake, anaweza kuomba kipunguzwe. Mambo ni vile hata kwa majirani: huko Kenya, sheria ya watoto ya mwaka 2022 inampa hakimu uwezo wa kubadilisha kiasi cha matunzo.

Mambo matatu yalikaziwa pale.

Kwanza, kuomba kupunguza si sawa na kuacha. Anayeomba anakuja na ushahidi wake: barua ya kazi, hesabu ya anachopata sasa, hata kama ni kidogo. Anayeacha kutoa bila kusema neno anajifungia njia mwenyewe, maana hakuna atakayejua kama alikosa au alikataa.

Pili, kama kiasi kiliamuliwa na hakimu, ni hakimu anayekigeuza. Baba hawezi kukaa nyumbani akajipunguzia. Mpaka hukumu igeuzwe, kile kilichoandikwa kinaendelea kuhesabiwa kuwa deni. Kwa jamaa hii mapatano yalifanywa mbele ya wazee, si mbele ya hakimu, kwa hiyo wazee walewale na wazazi wenyewe waliweza kuyatazama upya. Mahali ambapo tribinali imefungwa juu ya vita, karatasi yenye sahihi za wote wawili, mashahidi na mkubwa wa mtaa inasaidia. Siku tribinali itakapofunguka, karatasi hiyo itaonyesha nani alisema nini na lini.

Tatu, uwezo haupimwi kwa dola peke yake. Mtu asiye na mshahara angali na mikono.

Walichopatana

Mazungumzo yalichukua mpaka jioni. Mjomba alishika dola 40. Baba alishika 15. Mwenye sheria aliwaomba waache tarakimu kwanza, waorodheshe vitu ambavyo watoto wanahitaji kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili. Mama alivitaja kwa vidole: karo ya kijana, madaftari ya watatu, sabuni, chumvi, mafuta ya ngazi, dawa, na shamba, kwa maana akiba ya mhogo ilikuwa inaelekea kwisha.

Kwa orodha hiyo mambo yalianza kufunguka. Muzee wa ukoo alisema mafuta ya ngazi yatatoka kwake, bidoni moja kila miezi miwili, kama mchango wa babu. Baba alisema shamba atalifyeka mwenyewe, kwa maana kufyeka msitu ni kazi ya mwanaume na mama hakuwa na mtu wa kumfyekea tangu arudi kwao. Kufyeka huko, mama angelipa vibarua. Vitu hivyo viwili vilipotoka kwenye hesabu, kilichobaki kwa feza kikawa kidogo kuliko walivyofikiri.

Wakaandika hivi. Baba atatoa dola 20 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Majuma ambayo kundi lake limepata zahabu atapeleka sehemu ya watoto siku ileile ya kugawa, kabla hajalipa madeni mengine. Asipopata, atakuja mwenyewe kusema, kabla ya tarehe 28, wala asitume mtu. Atafyeka shamba kabla ya mvua kubwa. Miezi mitatu ikiisha watakaa tena. Kazi ya mshahara ikirudi, kiasi kitapanda tena.

Palibaki miezi ya kimya. Baba aliomba ifutwe. Mama alikataa. Alisema hatadai dola zote za miezi ile, kwa kuwa hazikuwapo. Lakini mashini ya kushonea iliuzwa kwa sababu ya neno lake, na mashini hiyo ni deni. Wazee walikubali. Iliandikwa katika mstari wa mwisho: mashini moja, itarudishwa kidogo kidogo, bila tarehe lakini bila kufutwa.

Kabla ya kutia sahihi, muzee aliagiza kijana aitwe. Wengine walisema mambo ya feza si ya watoto. Muzee alijibu kwamba mtoto aliyekwenda draga kwa ajili ya njaa ya nyumba amekwisha kuingia katika mambo hayo. Kijana alikuja akasimama mlangoni. Baba yake akamwambia mbele ya watu wote, «Sikuwaacha. Nilikosa, nikaficha. Kazi ya kulisha nyumba hii ni yangu na mama yako. Yako ni masomo.»

Kijana hakujibu kitu. Alichukua kiti kilichokuwa tupu akakaa.

Mwezi wa kwanza

Mwezi wa tisa masomo yalifunguliwa. Hadi tarehe 26 baba alikuwa amepeleka dola 12. Hiyo tarehe 26, asubuhi mapema, alifika nyumbani kwa mama akiwa na panga, akitoka kufyeka. Alisema, «Mama watoto, 8 zimekosa. Kundi halikupata kitu kwa majuma mawili.»

Mama alikasirika, hakuficha. Dola 8 ni chumvi na sabuni ya mwezi. Lakini siku ileile alikwenda kwa mkubwa wa shule na kumweleza kwamba karo itapungua mwezi huu na kwa sababu gani, na baba alikwenda naye. Mkubwa wa shule aliandika deni katika daftari lake. Kijana hakufukuzwa.

Dada yake mama, yule mhami, aliyaona yote hayo akiwa jikoni. Bwana yake alibaki upande wa Bukavu, na kwa miezi kadhaa alikuwa anamwambia kwa simu neno lilelile: ngojeni, nitatuma. Jioni hiyo aliomba unite kwa jirani, akampigia. Hakumuuliza atatuma lini. Alimuuliza, «Niambie kweli, uko na kitu ao huna? Ukiwa huna, sema, nijue namna ya kupanga.»

Kwa mara ya kwanza yule bwana akasema hana. Dada alilia kidogo, kisha akaanza kuuliza mahali anapoweza kupata kipande cha shamba.

Wazazi wengi wangali katika hali hiyo, huku Shabunda na kwenye nyumba zilizopokea wahami. Kwa yule aliyepoteza kazi, jambo la kufanya ni hili: aseme mapema, mwezi uleule, na alete karatasi aliyo nayo. Ataje kiasi anachoweza na kazi ya mikono anayoweza, na akubali kiandikwe. Kwa yule anayelea, aorodheshe mahitaji ya kweli, asikilize ushahidi, wala asikubali maneno matupu. Kwa wazee, mlango wao uwe wazi kabla mtoto hajafika mtoni.

Kiasi kinaweza kushuka. Ubaba haushuki, na mtoto anapaswa kulisikia hilo kutoka kwa kinywa cha baba yake mwenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili jamaa hii itakaa tena barazani kwa muzee. Shamba limekwisha kufyekwa. Mashini ya kushonea haijarudi bado.